Viza Mbili za Nedyalka

Viza ya Vietnam ilimfikia Nedyalka Kalcheva siku ya Jumanne, mwishoni mwa Januari mwaka 2024, akiwa anamenya viazi. Kompyuta ya jirani yake Todor ilikuwa juu ya meza ya jikoni kwake tangu juzi, maana Todor, aliyekaa ghorofa ya juu, alisema magoti yake hayawezi tena kazi ya kupanda na kushuka ngazi kila saa kutazama kama barua pepe imeingia. Kompyuta ikatoa mlio mdogo. Todor akavaa miwani, akasoma, akasimama wima kama askari mbele ya bendera.

"Dada Nedyalka," akasema, "weka kisu chini."

"Wamekataa?"

"Weka kisu chini kwanza, nisije nikakumbatiwa nacho."

Nedyalka akakiacha kisu, akafuta mikono kwenye aproni, akainama kutazama. Hakuelewa neno, lakini picha yake aliiona pale pembeni, yeye mwenyewe, mvi zimechanwa, uso umekunjamana kama wa mtu aliyesimamishwa na polisi. Akaketi. Machozi yakamtoka bila kumwuliza.

Alikuwa na miaka sitini na minane na hajawahi kupanda ndege. Miaka thelathini na moja alikuwa mfumaji katika kiwanda cha vitambaa pale Sliven, mji wa viwanda wa Bulgaria chini ya majabali, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda kuoga bahari kule Burgas, likizo ya wafanyakazi. Sasa alikuwa anakwenda upande wa pili wa dunia kumwona Thoa.

Thoa alikuja Sliven mwaka 1982 na wasichana wengine wa Kivietnam waliokuwa wameandikiwa mkataba wa kazi. Alipangiwa mtambo uliokuwa ubavuni mwa ule wa Nedyalka, na hapo wakakaa miaka minane. Nedyalka alimfundisha Kibulgaria, kuanzia matusi. Thoa akamfundisha kuhesabu kwa Kivietnam, na jinsi ya kulala dakika kumi umekaa wima bila msimamizi kugundua. Mimba ya Nedyalka ilipoharibika, mwaka 1985, mama mkwe alileta supu siku moja akaenda zake. Thoa alikuja kila siku baada ya zamu, mwezi mzima, akakaa pembeni ya kitanda bila kusema kitu.

Mwaka 1990 mambo yaligeuka. Kazi zilipungua, watu mjini wakaanza kusema wageni wanakula mkate wa wenyeji, na Wavietnam wakaambiwa wafunge mizigo. Mabasi yaliwachukua asubuhi moja ya Oktoba mbele ya bweni lao. Nedyalka hakwenda kumuaga. Baadaye walipata kuandikiana barua mbili tatu, kisha kimya. Kimya hicho kilidumu hadi msimu wa vuli uliopita, Lieu, binti wa Thoa, alipoiona kwenye mtandao picha ya kwaya ya wafumaji wastaafu na kuuliza: huyu wa tatu kutoka kushoto si Nedyalka?

Tangu hapo walizungumza kila Jumapili kwa simu ya Todor. Thoa alikuwa anatimiza miaka sabini kwa hesabu ya kwao, na kijijini kwake wazee wa umri huo husherehekewa siku ya nne ya Tet, mwaka wao mpya. "Njoo," alimwambia. "Au unangoja uje kunizika?" Walizungumza habari za wajukuu, shinikizo la damu na bei ya nyama. Ya asubuhi ile ya mabasi hakuna aliyeyagusa.

Basi viza ilipoingia Todor akashusha rakia, pombe yake kali ya plamu, wakanywa kila mtu kikombe kidogo, mchana kweupe.

"Nani alikuwa anasema mashine hii itanilia pesa?" Todor akajigamba. "Nani? Miaka ishirini na tisa nimekaa posta nikipeleka telegramu. Watu wameoana kwa mkono wangu, wamezikana kwa mkono wangu. Herufi moja sijawahi kukosea."

"Kunywa, kaka, koo lako limekauka kwa kujisifu."

Kesho yake asubuhi mlango uligongwa kabla kahawa haijachemka. Todor alikuwa amesimama na karatasi ya viza aliyoipiga chapa, na lenzi ya kukuzia maandishi mkono wa pili. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza nzi.

"Niletee pasipoti yako," alisema.

"Ya nini tena?"

"Niletee tu."

Wakaziweka mezani, pasipoti na karatasi, ubavu kwa ubavu. Jina la kati la Nedyalka, linalotokana na jina la baba yake, ni Zheleva. Herufi yake ya kwanza, kwa maandishi ya Kibulgaria, ni ile inayofanana na mdudu mwenye miguu sita. Kwa herufi za Kilatini, zamani waliiandika J. Siku hizi serikali imeamua iwe ZH. Pasipoti ilisema ZHELEVA. Viza ilisema JELEVA.

"Wewe ndiye uliyeandika," alisema Nedyalka polepole.

"Na wewe ndiye uliyenitajia! Ulikuwa umesimama pale jikoni, unakaanga, ukaniambia 'J'. Nikakuomba pasipoti, ukasema mikono ina mafuta."

"Ndivyo nilivyokuwa nikiandika nyuma ya bahasha za Thoa!"

"Mwaka tisini! Mwaka tisini hata nchi ilikuwa na jina jingine!"

"Wewe si ndiye usiyekosea herufi?"

 Todor akajiketisha kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza Nedyalka akamwona ni mzee. Akamwekea kahawa.

Walimpigia simu mwanamke aliyewauzia tiketi. Alikuwa mpole, lakini hakuwadanganya. "Mama, herufi moja inatosha," alisema. "Unaweza kuzuiwa hata kabla ya kupanda ndege. Omba upya, mapema."

Wakaomba upya siku ileile. Safari hii Nedyalka alishika pasipoti kwa mikono miwili kama mtu anayesoma injili kanisani, akataja herufi moja moja, na Todor akairudia kila moja kwa sauti kabla ya kuibonyeza. Kisha wakangoja. Ijumaa, kompyuta ikasema: inashughulikiwa. Jumatatu, inashughulikiwa. Nedyalka alikuwa ameshafunga sanduku: mitungi miwili ya pilipili hoho za kuchoma, kitambaa cha meza alichokitarizi mwenyewe, waridi kavu, na viatu vipya ambavyo bado vilimbana. Kila akipita aliliangalia lile sanduku kwa jicho la pembeni, asilichokoze.

Jumatatu jioni Lieu alituma ujumbe. Ofisi zote za kwao zingefungwa kuanzia Alhamisi kwa ajili ya Tet, wiki nzima. Na ndege ya Nedyalka ilikuwa ya Alhamisi jioni.

Jumanne asubuhi akamwomba Todor simu yake, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Thoa akatokea kwenye kioo, nywele zimekatwa fupi, nyuma yake mtu anafagia ua.

"Thoa, nadhani sitakuja."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni viza. Nimekosea herufi, sasa siku zimekwisha. Na hii itakuwa mara ya pili sijaja."

"Mara ya pili ipi?"

"Unaijua. Asubuhi ile ya mabasi." Maneno yakaanza kumtoka kama nyuzi mtambo ukiharibika, yote kwa pamoja. "Sikuumwa, Thoa. Nilikuandikia kwamba niliumwa, ni uongo. Nilikuwa nyumbani nachoma pilipili. Mume wangu Dimo alisema watu watatusema, nisionekane nikilia katikati ya wageni, nami nikanyamaza, nikakaa. Marehemu simlaumu, miguu ilikuwa yangu. Kutoka kwangu hadi bwenini ni mwendo wa dakika kumi. Niliyasikia mabasi yakiondoka."

 Kule kwake jogoo aliwika, ufagio ukaendelea kukwaruza.

"Najua hukuumwa," alisema Thoa. Kibulgaria chake kilikuwa kimeota kutu, lakini bado kilikuwa kinakata. "Ginka, yule mwenzetu wa kiwandani, alikuja kutuaga, akaniambia uko nyumbani, moshi wa pilipili zako unafika barabarani. Nilikukasirikia. Nilikukasirikia mpaka Moscow. Kule tulikaa uwanja wa ndege siku mbili, baridi kama kaburi. Nikafungua begi, nikakuta zile soksi za sufu ulizonifumia, nikazivaa. Mtu hawezi kuendelea kukasirika huku miguu yake ina joto. Nilijaribu, nikashindwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza? Miaka thelathini na minne unabeba jiwe ambalo mimi nililitupa Moscow!" Na hapo akamtupia tusi lile la mitamboni, la kwanza kabisa alilofundishwa, kwa lafudhi safi ya Sliven.

Nedyalka akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka, akatafuta leso asiione, akajifuta kwa mkono wa gauni.

"Sasa nyamaza," alisema Thoa. "Nchi yangu haina ubalozi hapo kwenu?"

"Uko Sofia."

"Basi unanililia mimi ya nini? Wapigie!"

Alipotoka chumbani Todor alikuwa amesimama karibu mno na mlango, anajifanya anakagua bawaba. Nedyalka hakumsema. Kifua chake kilikuwa chepesi mno, akaogopa angeanza kuimba.

Wakapiga simu ubalozini. Mwanamume mmoja aliwasikiliza hadi mwisho, akasema viza ya karatasi, ya kubandikwa kwenye pasipoti, inaweza kutolewa palepale ikiwa atafika yeye mwenyewe kesho, Jumatano, kabla ya saa sita mchana, na pasipoti na picha mbili. Baada ya saa sita wanafunga kwa sikukuu.

Walipanda basi la saa kumi na moja na nusu alfajiri. Todor alikataa katakata kubaki. "Kosa langu, nitalisindikiza," alisema, akakaa dirishani na lenzi yake mfukoni. Mpaka Plovdiv barabara ilikuwa kavu. Baada ya hapo theluji ikaanza, kwanza kidogo kama unga unaochekechwa, halafu bila haya. Karibu na Ihtiman magari yakasimama. Lori lilikuwa limelala ubavu huko mbele.

Saa mbili na nusu. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Dereva alishuka, akavuta sigara, akarudi na theluji mabegani.

"Bwana mdogo, tutafika lini?" Todor akamwuliza.

"Mungu akipenda na trekta likija."

"Na trekta lisipokuja?"

"Basi tutafahamiana vizuri, mzee wangu."

Watu wakacheka. Nedyalka hakucheka, ila alishangaa kujikuta hana ile hofu ya juzi. Aliwaza: nisipofika, Thoa atanitukana, kisha nitakwenda mwezi wa nne. Ni wazo dogo tu, lakini lilimshika mkono njia nzima. Akatoa mkate na jibini, akamkatia Todor nusu.

Saa nne kasorobo trekta likaja.

Waliingia stendi ya Sofia saa tano na robo, na teksi ikawafikisha ubalozini saa tano na dakika arobaini. Todor akateleza kwenye ngazi, akashika nguzo, akapunga mkono: nenda, nenda, mimi nitakuja! Ndani palikuwa na joto, na pembeni pamesimamishwa tawi la maua ya kitambaa, ya rangi ya waridi hafifu, limefungwa karatasi ndogo nyekundu. Walinzi na makarani walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda arusini.

Dirishani alikaa mwanamume Mvietnam wa makamo, kichwa chenye mvi kidogo. Alikuwa ndiye yule wa simu. Aliongea Kibulgaria cha Plovdiv, kile cha kuburuta maneno kama mtu asiyekimbizwa na jambo lolote.

"Karibu, mama. Hatua ya kwanza ni kuvuta pumzi."

Nedyalka akavuta pumzi. Akapitisha pasipoti, picha, na fomu aliyoijaza ndani ya basi, magoti yakiwa ndiyo meza.

Yule bwana akatazama kompyuta yake, akakunja uso. "Hapa naona watu wawili. Kuna Nedyalka Jeleva na kuna Nedyalka Zheleva. Mmezaliwa siku moja."

"Niko mmoja, mwanangu. Yule mwingine ni ujinga wangu."

Mdomo wa yule bwana ukacheza. "Utafikia kwa nani?"

"Kwa dada yangu."

Akainua macho. Akazitazama zile nywele nyeupe, macho ya bluu, mashavu mekundu ya baridi. "Dada wa baba mmoja?"

"Wa mtambo mmoja," alisema Nedyalka. "Miaka minane. Sliven."

"Anwani?"

Akaitaja yote kwa kichwa, kijiji, wilaya, mkoa wa Thai Binh, kwa sauti inayopanda na kushuka mahali panapotakiwa, maana enzi zile Thoa alikuwa akimpiga kofi begani kila alipokosea. Karani mwingine nyuma akageuka kuona ni nani anayezungumza. Yule bwana akaacha kuandika.

"Baba yangu naye alifanya kazi Sliven." Hapana, hakusema hivyo, ingawa Nedyalka kwa sekunde moja alitamani aseme. Alisema tu, "Unatamka vizuri, mama. Wengi wenu mnaikaba shingo lugha yetu." Akachukua pasipoti, akaondoka nayo kupitia mlango wa nyuma.

Saa sita ikafika. Mlinzi akafunga mlango wa nje kwa funguo, akamruhusu Todor kubaki baada ya kumtazama juu mpaka chini na kuona theluji kwenye kofia yake. Taa ya dirisha la pili ikazimwa. Todor akaketi, akasimama, akaketi.

"Kaka, tulia. Unanitikisia kiti."

"Wewe umepata wapi moyo huu?"

"Jana," alisema Nedyalka.

Saa sita na dakika kumi na nane mlango wa nyuma ukafunguka. Yule bwana alikuwa tayari amevaa koti. Akaiweka pasipoti dirishani, imefunguliwa, na ndani yake karatasi imebandikwa, bado ina joto la mashine.

"Soma kabla ya kuondoka," alisema. "Safari hii soma."

Nedyalka akampa Todor. Yeye mwenyewe asingeona kitu, macho yalikuwa yamejaa. Todor akatoa lenzi yake, akainamia ile karatasi, akaanza kusoma kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, jina, jina la baba, ukoo, namba ya pasipoti, siku, mwezi, mwaka. Mlinzi alisimama na funguo mkononi, akangoja. Hakuna aliyemharakisha.

"Sahihi," alisema Todor. "Yote sahihi." Kisha akageuka upande, akaanza kuitafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.

Yule bwana akatoa mkono kupitia uwazi wa dirisha, Nedyalka akaushika kwa mikono yote miwili. Akamtakia mwaka mpya kwa Kivietnam, kama alivyokuwa akisema zamani pale bwenini, na yule bwana akamjibu, akaongeza, "Kule kutakuwa na manyunyu. Usibebe hilo koti zito."

Nje theluji ilikuwa imekatika. Wakanunua pai ya jibini ya moto kwenye kibanda cha pembeni, wakaila wamesimama, mafuta yakiwatiririkia vidoleni. Nedyalka aliibana pasipoti kwapani, ndani ya koti. Alikula ya kwake yote, akala na nusu ya Todor, ndipo akakumbuka kwamba tangu Ijumaa alikuwa hajasikia njaa.

Alhamisi jioni alipanda ndege. Aliposhuka Hanoi, kijana wa uhamiaji aliifungua pasipoti, akaitazama ile karatasi kwa muda mfupi kuliko anaotumia mtu kufunga kifungo, akagonga muhuri, akamwita aliyekuwa nyuma yake. Nedyalka alibaki amesimama pale, kwa sababu hakuamini kwamba yameisha, mpaka kijana akampungia mkono: pita, mama, pita.

Ukumbi wa nje ulijaa watu wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, watoto, maboksi, vilio na vicheko, sauti ikigonga dari. Thoa alikuwa nyuma ya kizuizi, mdogo kuliko alivyoonekana kwenye simu, amevaa koti la rangi ya zambarau. Hakupiga kelele. Mtu aliyefanya kazi mitamboni miaka mingi, mahali ambapo huwezi kusikia hata sauti yako mwenyewe, hujua kusema kwa midomo mitupu, na mwenzake hujua kusoma.

Midomo ya Thoa ikasema: Umenenepa.

Nedyalka akajibu vilevile, bila sauti: Na wewe umefupika.

Lieu, aliyekuwa amesimama katikati yao na hakusikia chochote, alishangaa kuwaona wanawake wawili wazima wanacheka mpaka wanashikilia kile chuma cha kizuizi. Akaenda akachukua sanduku, akawaambia gari liko mbali, na chakula nyumbani kinapoa, nao wakatoka naye, wameshikana mikono, kwenye manyunyu.